Sindano Mpya ya Mwalimu Ephraimu

Fundi Lekishon aliibandua ile sarafu kwa ukucha, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza huku na huku kama mtu aliyekuta jiwe kwenye wali.

"Mzee wangu, hii shilingi tano inafanya nini juu ya mkono wa gramafoni?"

"Inaukandamiza," alisema Mwalimu Ephraimu. "Bila hiyo sindano inaruka."

"Tangu lini?"

Mwalimu alifikiri kidogo. "Tangu mwaka wa vita."

"Basi tangu mwaka wa vita umekuwa ukizilima santuri zako kwa jembe." Fundi alicheka, akaona mwenzake hacheki, akaiweka sarafu mezani kwa adabu. "Hazijafa zote. Lakini sindano yenyewe imekuwa msumari."

Kibanda cha fundi kilikuwa Ngarenaro, kimejaa redio zilizopasuliwa matumbo na harufu ya risasi ya kulehemu. Mwalimu alikaa juu ya kreti ya soda, kofia magotini, na hakuelewa nusu ya alichokuwa akiambiwa. Hilo halikuwa jambo geni. Wiki nzima hakuwa ameelewa kitu.

Ilianzia kwenye kahawa. Miaka yote watu wa Akheri, kijijini kwake, walipeleka kahawa yao kwenye chama cha ushirika, wakapewa risiti, na malipo yakaja kwa mafungu, fungu la mwisho likifika wakati shida yenyewe imeshajimaliza. Msimu ule wanunuzi binafsi waliruhusiwa. Mmoja alipanda na gari mpaka mlangoni, akapima, akalipa papo hapo, akashuka. Mwalimu akabaki uani na noti mfukoni, hajui kama ameuza au ameibiwa. Alizoea pesa ya kungojewa. Hii iliyokuja kabla hajaipangia kazi ilimkosesha usingizi.

Akateremka mjini. Maduka ambayo miaka kumi nyuma yalikuwa na kiberiti na dawa ya mbu tu, sasa yalikuwa yamefurika mpaka barazani: redio, pasi, saa za ukutani zenye ndege wa kulia. Duka la kwanza alionyeshwa mashine ya kaseti mbili yenye taa za rangi. Akauliza santuri inaingilia wapi. Muuzaji, kijana mwenye heshima zake, akaichunguza mashine pande zote nne, akasema labda kwa nyuma. Duka la pili walimwambia santuri zimekufa, wakampa pole. Mwalimu akatoka hajui kama amehudumiwa au amedhihakiwa, na ndipo mtu mmoja akamwelekeza kwa Lekishon.

Mwalimu alikuwa na haja moja tu. Alitaka kumsikia mke wake vizuri.

Tabea alikuwa amefariki miaka kumi na miwili nyuma. Kabla ya hapo alikuwa kiongozi wa sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika, kwaya ambayo Mwalimu Ephraimu aliifundisha kwa ubao, chaki na kijiti mpaka watu arobaini wakaimba kama mtu mmoja. Mwaka wa sabini na nne walikuja watu wa kurekodi, na baadaye santuri ikatoka. Upande wa pili, wimbo wa kwanza, alioutunga Mwalimu mwenyewe, kiongozi anaanza peke yake: *Asubuhi na sisi tutasimama.* Kila Jumapili baada ya ibada Mwalimu aliuweka wimbo ule, akafumba macho. Lakini kila mwaka mikwaruzo iliongezeka, na sauti ikazidi kuzama chini yake. Aliogopa, na hofu ile hakumwambia mtu, kwamba Jumapili moja atashusha sindano na Tabea hatakuwepo.

"Nina kitu chako," alisema Lekishon, akavuta turubai. Chini yake kulikuwa na mashine nzito ya mbao nyeusi, amplifaya yenye vitufe vya fedha, na spika mbili kubwa kama mizinga ya nyuki. Vilikuwa vya mzungu mmoja wa Momela aliyehama. "Sindano mpya imetoka Nairobi wiki iliyopita. Zamani kwa sindano kama hii mtu angelala rumande mpakani Namanga. Siku hizi unaivusha mfukoni unapunga mkono."

"Nguvu yake?"

"Wati arobaini kila upande."

"Upande gani?"

"Kushoto na kulia, mzee. Ni stirio."

"Sisi tulirekodiwa kwa kipaza sauti kimoja."

Lekishon akakuna kidevu. "Basi utawasikia mara mbili."

Jibu hilo halikumwingia Mwalimu hata kidogo, ila lilimpendeza. Akakubali. Wakapatana fundi apande Akheri Jumamosi na vyombo vyote.

Alipofika nyumbani jioni ile na sarafu yake mfukoni, alimkuta jirani yake Aikande akikata majani ya ng'ombe kwenye uzio wa mimea ya masale. Aikande, mjane kama yeye, mtu wa Machame aliyeolewa Meru, naye aliimba katika ile kwaya. Alikuwa na mwanya mpana kwenye meno ya juu, uliosifiwa sana usichanani mwake, na ambamo kila 's' ilipita kwa mluzi mwembamba. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wakimwigiza mpaka mchungaji akawakataza.

"Shikamoo, Mwalimu. Sasa hiyo sindano umepata?"

"Marahaba, mama Mika. Nimepata. Jumapili njoo umsikilize mwenzako vizuri."

Aikande aliinama tena kwenye majani. "Nitakuja," alisema. Kila Jumapili alikuja, hata bila kualikwa, akakaa kwenye kiti cha dirishani, akausikiliza wimbo mpaka mwisho, akaaga. Mwalimu aliamini wanaombolezea marehemu mmoja.

Jumamosi fundi alifika na pikapu ya kuazima. Akapanga vyombo juu ya kabati la vyombo, akatembea chumbani, na sindano ikaruka kwa kila hatua. Akasema sakafu ya mbao inatikisa, mashine inataka kitu kizito kisichojali miguu ya watu.

"Kuna jiwe," alisema Mwalimu.

Lilikuwa jiwe la kusagia la Tabea. Tangu mashine ya kusaga ifike Tengeru lilikaa nyuma ya jiko, kuku wakilinywea maji ya mvua katikati palipoliwa na miaka ya kusaga ulezi. Wakalibeba wawili wakihema, wakalilaza juu ya magogo mawili yaliyopita sakafuni mpaka ardhini, kwa sababu Lekishon alikuwa amekwishang'oa mbao mbili bila kuuliza. Juu yake wakaweka ubao, juu ya ubao mashine. Fundi akatoa gololi mfukoni, akaiweka juu ya kisahani cha mashine. Gololi ikabingirika upande wa mlima. Akachomeka kipande cha kadi chini ya ubao, akajaribu tena, akaongeza kingine, mpaka gololi ikatulia katikati.

Kisha akaanza kazi ya mkono wa sindano. Nyuma yake kulikuwa na kipande cha chuma cha kuzungusha, mizani ya kuamua sindano ilemee kiasi gani.

"Hapa hatutaki shilingi tano," alisema. "Tunataka kama maharage manne tu. Sindano isimkandamize anayesema. Imsikilize."

Mwalimu alimpa santuri akiishika kingo kwa viganja. Fundi aliifuta, akaiweka, akashusha mkono taratibu, akarudi nyuma.

Mwanzo Mwalimu hakusikia wimbo. Alisikia kanisa. Alisikia ukubwa wake, benchi likilia mtu akihamisha uzito, karatasi ikifunuliwa, na mahali fulani nyuma mzee Frederick, Mungu amrehemu, akisafisha koo kama alivyozoea kabla ya besi kuingia. Halafu akasikia kitu kingine, na hakukijua. Kilikuwa pale pale palipokuwa na mikwaruzo, ila sasa kilikuwa na matone, kinaongezeka na kupungua kwa pumzi ya upepo.

"Nini hiyo?" aliuliza.

Lekishon alitega sikio. "Mvua, mzee. Mvua juu ya bati."

Mwalimu alikunja uso. Walirekodi Juni. Juni Meru ni ukungu na baridi ya kuuma vidole, lakini mvua ya kupiga bati namna ile hakuna. Kabla hajamaliza kulifikiri hilo, ikaja ile pumzi. Tabea alikuwa na desturi ya kuvuta pumzi fupi kabla ya mstari, kama mtu anayetaka kuruka mfereji, na miaka yote Mwalimu alimkataza na miaka yote akaivuta. Hakuwa ameisikia tangu azikwe. Machozi yakamtoka saa ileile.

Kisha sauti ikaanza. *Asubuhi na sisi tutasimama.* Ilikuwa safi, karibu, kama mtu aliyesimama kati ya zile spika mbili. Na kila 's' ilipita na mluzi mwembamba.

"Unaona sasa?" Lekishon alisema kwa furaha. "Hizo ndizo sauti za juu. Sindano yako ya zamani ilizila zote."

Wimbo ulipokwisha Mwalimu aliomba urudiwe. Uliporudiwa akaomba kitufe cha sauti za juu kipunguzwe, na fundi akakipunguza, na mluzi ukafifia lakini haukutoka, maana kilichokwisha kusikiwa hakisahauliki kwa kuzungusha kitufe.

"Kuna kitu kibaya?" aliuliza Lekishon.

"Hakuna. Mashine ni nzuri sana," alisema Mwalimu, na akamkatia fundi mkungu wa ndizi wa kwenda nao, na hakukumbuka baadaye kama alimuaga.

Jumapili ile kanisani hakusikia mahubiri. Alikuwa akipiga hesabu za miezi. Ni kweli walirekodi mara mbili. Juni, Tabea akiwa na mimba ya miezi mitano, akisimama safu ya mbele na kanga ikimkaza. Halafu watu wa mashine wakarudi Novemba, wakasema kanda ya kwanza ina kasoro, waimbe tena nyimbo zote, wao watachagua iliyo nzuri zaidi. Novemba mtoto wao Rachel alikuwa na wiki tatu, na mama yake alikuwa ndani ya siku za uzazi. Kwa desturi mzazi hakutoka nje ya uzio miezi mitatu. Alilala, alikunywa mtori wa ndizi na maziwa, na mtu hakumwuliza hata habari za ng'ombe. Kwa hiyo mwingine alisimama mahali pake. Mwalimu aliyakumbuka yote hayo. Hakuwa ameyasahau hata siku moja. Ila santuri ilipofika, na fundi wake wa moyoni akaamua kwamba iliyo nzuri zaidi ndiyo iliyochaguliwa, iliyo nzuri zaidi ingekuwa ya nani kama si ya Tabea?

Aikande alikuja saa nane mchana, kitambaa cha kanisani bado kichwani. Alitazama spika, akatazama jiwe, akaligusa.

"Umeliingiza ndani jiwe la mama Rachel."

"Linatuliza mashine." Mwalimu alikuwa amesimama. "Kaa, mama Mika."

Akashusha sindano. Mvua ikanyesha chumbani, na nje kulikuwa na jua kali juu ya migomba. Pumzi. Halafu mstari. Aikande alikuwa ameanza kutabasamu kama desturi yake, lakini mluzi wa kwanza ulipopita alijifunika mdomo kwa kiganja, haraka, kama alivyojifunika alipokuwa msichana akichekwa. Mkono ule ulimwambia Mwalimu yote. Aliinua sindano.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Walichukua ile ya Novemba."

"Walichukua ya kwangu, Mwalimu." Alisema polepole, na mtu angeweza kusikia ni mara ngapi alikuwa ameisema sentensi hiyo peke yake, shambani. "Siku ile ulisema, 'Aikande, shika nafasi tu, hii ni ya akiba.' Nikaishika."

Mwalimu alikaa juu ya ukingo wa kiti. Aliona aibu, na aliona hasira, na hakujua hasira ile aielekeze wapi. "Miaka yote hii unakaa hapo, mimi namlilia Tabea, na wewe unajisikiliza?"

"Jumapili ya kwanza baada ya mazishi uliwaita wanakwaya wote hapa. Ukaweka santuri. Ukasema, 'Msikieni mama Rachel.' Wote wakatazama chini. Nani angefungua mdomo? Mchungaji? Mimi?" Aikande aliteremsha mkono kutoka mdomoni. "Halafu Jumapili ya pili ikapita, na ya tatu. Na mimi, nisikufiche, nilipenda kusikilizwa. Nani mwingine hapa Akheri anasikilizwa hivyo, mtu kafumba macho?"

Nje ng'ombe alilia. Mwalimu alikumbuka jambo, akalikataa, likarudi.

"Tabea alikuwa hai miaka saba santuri ikipigwa humu ndani," alisema. "Yeye alijua."

"Tangu siku ya kwanza. Mtu hawezi kukosa kujijua."

Kila wimbo ule ulipoanza, Tabea aliinuka akaenda jikoni kutazama moto. Mwalimu alikuwa akiwaambia wageni kwamba mkewe anaona haya kujisikiliza. Wageni walicheka kwa upendo, na yeye alicheka nao.

"Alikuwa akilia kule jikoni?"

"Sijui. Mara moja nilimfuata. Alikuwa akikoroga mtori, hakugeuka. Akaniambia, 'Mwache, amefurahi.' Sikujua kama amekasirika nami au amenipa zawadi. Mpaka leo sijui."

Mwalimu alitazama mashine. Juu ya amplifaya alikuwa ameiweka ile shilingi tano, kwa kukosa mahali pa kuiweka. Aliichukua, akaishika juu ya mkono wa sindano. Ingetosha Jumapili chache tu za uzito ule. Sindano ingelima, mluzi ungekatika, mvua ingerudi kuwa mikwaruzo, na chini kabisa, mahali pasipoonekana, Tabea angeimba tena. Akaona Aikande anamtazama, na alijua hatasema kitu hata akiiweka.

"Ile pumzi," alisema bila kugeuka. "Kabla ya mstari. Hiyo ni yake. Siwezi kukosea hiyo."

"Ni yake."

"Uliipata wapi?"

"Alinifundisha. Wiki nzima kabla ya kurekodi nilikuwa namletea mtori, na yeye kitandani na Rachel kifuani, ananiimbisha mstari kwa mstari, kwa sauti ya chini mtoto asiamke. Nilikuwa nafika kwenye neno nimekauka. Akasema, 'Vuta hapa, kidogo tu. Mume wangu atakukataza. Usimsikilize.'" Aikande alicheka kidogo, kisha hakucheka. "Nikavuta hapo hapo alipovuta yeye. Mwili ni wangu. Mahali ni pake."

Mwalimu Ephraimu, aliyewafundisha watu arobaini kuimba kama mtu mmoja na akajivunia hilo mbele ya dayosisi nzima, hakujua sasa amwombe nani msamaha, aliye hai au aliyekufa, wala amlilie nani. Aliirudisha sarafu mfukoni. Akapiga magoti mbele ya jiwe, macho yakilingana na santuri, akautafuta kwa sindano ule mfuo mwembamba ulio kabla ya mstari wa kiongozi.

Mvua ikanyesha juu ya bati. Pumzi ikavutwa, fupi. Akainua sindano.

Akaishusha tena. Mvua, pumzi. Akainua kabla ya neno. Akarudia mara ya tatu, na ya nne, kwa mkono mwepesi kama fundi alivyomwonyesha, na kwenye kiti cha dirishani Aikande alikuwa amekaa wima, mikono magotini, mdomo umefunguka kidogo, akisubiri aachiwe aimbe.